Gambiti ni nini katika sataranji?

Gambiti ni kutoa kete kwa makusudi mwanzoni mwa mchezo, mara nyingi kitunda kimoja (kete dhaifu kuliko zote), ili upate wakati. Mpinzani anapopoteza zamu kukila kitunda, wewe unatoa farasi au askofu wako uwanjani. Wachezaji wa zamani walikadiria kwamba kitunda kimoja ni sawa na zamu tatu hivi.

Neno lina asili ya Kiitalia, kutoka kwenye kumpiga mtu mtama. Padri Mhispania Ruy López alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1561, na tangu hapo limebaki.

Mfano ninaoupenda ni Gambiti ya Evans, iliyobuniwa na nahodha wa meli kutoka Wales, William Davies Evans, miaka ya 1820. Nyeupe hucheza e4, Nyeusi e5 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao; pasipotajwa kete, ni kitunda kinachosogea). Farasi f3, farasi c6. Askofu c4, askofu c5. Kisha Nyeupe husukuma kitunda b4, mdomoni kabisa mwa askofu! Nyeusi akila, kitunda kingine kinakwenda c3 na kumfukuza askofu yule yule. Anapokimbia, Nyeupe anacheza d4 na kuitwaa katikati ya ubao. Yaani askofu amekula, lakini ametembezwa bure. Adolf Anderssen alifungua hivyo mwaka 1852 alipomshinda Jean Dufresne.

Gambiti ya Malkia (d4, d5, c4) ni maarufu zaidi, ila jina lake linadanganya kidogo. Nyeusi akila c4, kwa kawaida hawezi kukishikilia kitunda hicho. Aking'ang'ania kukilinda kwa b5 baada ya e3, Nyeupe anacheza a4, na ulinzi wote unaanza kumomonyoka. Hapo Nyeupe amekopesha tu, hakutoa sadaka.

Katika mashindano ya ridhaa gambiti huuma kuliko kwa mabingwa. Saa inakimbia, na anayejilinda lazima apate jibu sahihi kila zamu, ilhali mshambuliaji alishazikariri hatua zake nyumbani. Dawa ya mlinzi ni kutokuwa mchoyo: kula, kisha rudisha kitunda wakati ufaao, mara nyingi kwa d5, ili kete zako zipumue. Mshambuliaji naye asikubali kubadilishana malkia mapema. Malkia wakitoka na mfalme wa Nyeusi akiwa salama, shambulio limekwisha, na pengo la kitunda kimoja liko pale pale.