Ndege ndogo "kuzidisha uzito" ni nini hasa?

Ukipanda ndege ndogo kwenda Serengeti au Maasai Mara, utaambiwa mzigo usizidi kilo 15, tena uwe begi laini. Pengine na wewe mwenyewe upandishwe kwenye mizani mbele za watu. Usinune, rubani anapiga hesabu.

Kila ndege ina uzito wa mwisho unaoruhusiwa inapopaa: bodi lake, mafuta, abiria, mizigo, na rubani pia. Cessna Caravan kubwa, kwa mfano, mwisho wake ni kama kilo 3,970. Ikipita hapo, imezidisha.

Kinachowaponza watu ni kwamba ndege iliyozidisha mara nyingi inapaa tu. Itakula njia ndefu zaidi ya kurukia, itapanda kwa kujikokota, na itahitaji mwendo mkubwa zaidi ili mabawa yaendelee kuibeba. Kwenye uwanja wa juu kama Wilson, Nairobi, karibu mita 1,690 kutoka usawa wa bahari, jua la mchana linazidi kuifanya hewa kuwa nyepesi, na hali inakuwa mbaya zaidi. Lakini injini inanguruma vizuri, basi nani atashtuka?

Sasa injini izime. Ndege ya injini moja lazima ishushe pua na kuteleza hadi chini. Ikiwa nzito, inateleza kwa kasi zaidi na kugonga kwa nguvu zaidi. Yenye injini mbili je? Ikipoteza moja, nguvu zinapungua nusu, ila uwezo wa kupanda unaweza kushuka kwa asilimia 80 au zaidi. Ukiwa umezidisha, hiyo iliyobaki huenda isikupandishe hata kidogo. Marubani wana utani wao mchungu: injini ya pili kazi yake ni kukufikisha kwenye eneo la ajali.

Tena si kilo peke yake, bali zimekaa wapi. Funga gunia la unga nyuma kabisa ya bodaboda, upande mlima: tairi la mbele linaelea na usukani hauna kazi. Ndege iliyolemewa mkiani hufanya vivyo hivyo, pua inainuka na rubani anashindwa kuirudisha.

Ndivyo ilivyokuwa Marsh Harbour, Bahamas, tarehe 25 Agosti 2001, Cessna 402 ilipoanguka mara tu baada ya kupaa na kuua watu wote 9, akiwemo mwimbaji Aaliyah, aliyekuwa na miaka 22. Ilikuwa na injini mbili. Uchunguzi ulikuta uzito umepita kikomo kwa mamia ya kilo, na mzigo umeelemea nyuma.