Kangaga la sebuleni na uongo tunaoambiana kuhusu maji

Kangaga langu la kwanza nililiua kwa mapenzi. Nililinunua kwa muuza miche wa kando ya barabara hapa Dar es Salaam, majani yake yakimwagika pande zote hadi kopo halionekani. Maelekezo niliyopewa yalikuwa sentensi moja: "Hili linapenda maji, dada, kila siku asubuhi." Nikamwagilia kila siku asubuhi. Mwezi wa pili likaanza kunyong'onyea, nikaongeza na jioni. Siku nilipolinyanyua kutoka kwenye chungu cha urembo nilichokuwa nimelitumbukiza, nilikuta chini maji ya kina cha vidole viwili yananuka kama mtaro. Mizizi niliyoishika ilitoka ganda, mkononi pakabaki nyuzi.

Muuza miche hakunidanganya kwa makusudi. Aliniambia kile ambacho karibu kila mtu anaambiwa.

"Linapenda maji, kwa hiyo huwezi kulizidishia"

Linapenda unyevu, na hilo ni jambo jingine. Ukienda msitu wa Amani, kule Usambara Mashariki, utayaona makangaga kwenye kingo za vijito, juu ya magogo, hata kwenye magome ya miti. Tazama vizuri yalipokaa: maji yanapita, hayatuami. Udongo wenyewe ni majani yaliyooza, mwepesi, umejaa vinafasi vya hewa. Mizizi inahitaji hewa hiyo kama inavyohitaji maji. Ukijaza vinafasi vyote maji, mizizi inakosa pumzi na kufa, na ukungu unakuja kumalizia kazi.

Kinachotuponza ni kwamba kangaga lenye mizizi iliyooza hunyauka sawasawa na lenye kiu, maana halina tena kitu cha kunywea. Mwenye nyumba anaona limelegea, anakimbilia jagi. Kabla ya jagi, chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha kwanza. Ukikuta pakavu, lipe maji. Ukikuta pamelowa na majani yamelegea, weka jagi chini, litoe kangaga uangalie mizizi, kata iliyooza, kisha lipande upya kwenye udongo mwepesi. Nyanyua pia chungu kwa mkono mara tu baada ya kumwagilia, uukumbuke uzito wake. Baada ya wiki chache mkono utakuwa unajua wenyewe.

Na yale mawe tunayoambiwa tuweke chini ya chungu ili maji yatoke? Hayasaidii. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo kuingia kwenye mawe mpaka udongo ulio juu yake uwe umeshiba kabisa. Kwa hiyo ile tabaka ya tope iliyokuwa ikae chini kabisa, mawe yanaipandisha juu, karibu na mizizi. Kinachosaidia ni tundu. Chungu kisicho na tundu kitumie kama pambo la nje tu, na baada ya nusu saa mwaga kilichokusanyika humo.

"Desemba punguza maji, mmea umelala"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu ni ushauri mzuri uliopotea njia. Umeandikwa na watu ambao Desemba yao ni baridi kali na jua linazama kabla ya watoto kurudi kutoka shule. Desemba yetu ya Dar tunafungua madirisha yote kutafuta upepo. Urefu wa mchana wetu, ukichukua siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote za mwaka, hautofautiani hata kwa saa moja. Kangaga linalouzwa sana mitaani ni lile la Boston, Nephrolepis exaltata, lililojulikana 1894 baada ya kuonekana katika shehena ya makangaga iliyotoka Philadelphia kwenda Boston. Jina ni la mji wa baridi, lakini asili ya mmea ni nchi za joto za Amerika. Halina usingizi wa lazima. Hupunguza kukua pale mwanga na joto vinapopungua, basi.

Kwangu mwaka unakwenda hivi. Januari na Februari, jua kali na feni usiku kucha, namwagilia kila baada ya siku mbili. Masika yakiingia hewa inalowa kiasi kwamba hata chumvi ya mezani inashikana, na chungu kilekile kinakaa siku tano, sita, wakati mwingine wiki nzima. Hapa ndipo makangaga mengi yanapokufa, kwa sababu mkono umezoea ratiba ya Februari. Juni hadi Agosti joto limeshuka, ungedhani maji yapungue zaidi, lakini upepo wa kusi unapita dirishani mchana kutwa na kunyonya udongo. Nilishangaa mwaka wa kwanza kukuta Julai inataka maji mengi kuliko Aprili. Vuli haina kanuni. Napima kwa kidole.

Aliye Nairobi, Arusha au Njombe ana hesabu nyingine. Kule Juni hadi Agosti ni mawingu na baridi ya kweli, kwa hiyo kupunguza maji ni sawa, ila mwezi wake ni Julai, si Desemba. Aliye Muscat kiangazi chake kiko ndani, chini ya kiyoyozi kinachokausha hewa. Asiliweke kangaga mahali upepo wake unapopiga. Na ndugu zetu walio Ulaya wanakutana na kitendawili: majira ya baridi mwanga ni hafifu, udongo unakaa na maji siku nyingi, lakini mitambo ya kupasha nyumba joto inakausha hewa hadi ncha za majani zinakatika. Wakiona ncha hizo huongeza maji, na hapo wanaozesha mizizi. Dawa ni kulisogeza mbali na mtambo.

"Ncha zikiwa kahawia, ni kiu"

Huenda ni kiu. Kwa jiji hili huenda pia ni chumvi. Nyumba nyingi zinatumia maji ya visima vya kuchimba, na wakazi tunayajua bila kipimo chochote: sabuni haitoi povu na chai ina ladha ya ajabu. Kangaga halivumilii chumvi. Ukiona utando mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu, umepata mhalifu. Kulaza maji kwenye ndoo usiku kucha, kama wengi wanavyoshauri, kunaondoa sehemu ya klorini ya maji ya bomba. Chumvi hailali ikaondoka, inabaki palepale.

Mimi nakinga mvua. Ya kwanza baada ya kiangazi naiacha ioshe vumbi la bati, inayofuata najaza madumu. Mara moja kwa mwezi naliweka kangaga bafuni na kulimiminia maji hayo baridi mengi, yanatiririka mpaka yanatoka chini, nasubiri kidogo, narudia. Ncha zilizokwisha kukauka hazirudi kijani. Angalia majani mapya, yale yanayochomoza yamejikunja kama mkia wa kinyonga. Yakifunguka safi, umeshinda.

"Nusu kikombe kila siku kinatosha"

Nusu kikombe kinalowesha juu tu, na chini mizizi inakauka. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke tunduni, kisha acha. Kuna mtego mmoja: udongo wenye mboji nyingi ukikauka kabisa unajitenga na ukuta wa chungu, na unakuwa kama umepakwa mafuta. Unamimina, maji yanapita pembeni yanatoka chini haraka, unaridhika, kumbe katikati ni kavu kama biskuti. Tumbukiza chungu chote kwenye ndoo ya maji kwa muda wa nusu saa hivi, mpaka mapovu yaishe, halafu kitundike kichuruzike. Tangu nianze kuchanganya usumba wa nazi kwenye udongo shida hiyo imepungua, kwa kuwa wenyewe ukikauka unalowana tena bila kinyongo.

Makangaga nayo hayafanani. Lile lenye vijani vidogo kama pesa juu ya vijiti vyeusi vyembamba halisamehe. Alasiri moja ya ukame majani yote yanakauka. Usilitupe. Kata yote hadi chini, udongo ubaki na unyevu, mara nyingi linachipua. Lile lenye umbo la kiota usilimwagie katikati, litaoza moyo, mimina pembeni. Na lile la pembe za paa, ambalo mwituni hukaa juu ya miti hata kwenye misitu ya pwani yetu, linataka kuzamishwa pamoja na ubao lililofungwa kisha kuachwa likauke kidogo.

Kunyunyizia majani kwa kichupa kunapendeza macho, lakini unyevu wenyewe unapotea upesi. Kukusanya mimea karibu karibu, au bafu lenye dirisha, kunafaa zaidi. Maji ya mchele sina ugomvi nayo, mradi hayana chumvi na hukuyalaza mpaka yakachacha. Chai yenye sukari na maziwa ni karamu ya sisimizi.

Limebaki suala la madoa ya kahawia chini ya majani, ambayo watu huyatibu kwa maji ya sabuni. Yakiwa yamejipanga safu mbili sawasawa, kulia na kushoto kwa mshipa wa kila jani dogo, hizo ni vifuko vya vijimbegu. Kangaga halitoi maua, linazaliana kwa hivyo. Wadudu gamba hawana nidhamu hiyo, wanatawanyika ovyo na wanabanduka kwa ukucha. Wifi yangu alitumia Jumapili nzima kuyasugua kwa mswaki, jani baada ya jani, na alipomaliza akaniita nikaone lilivyopona.