Kabla ya kusifu mchoro, tafuta njia ya mama mwenye beseni

Kazi yangu ni kupanga miji, na hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Kivu, watu huniuliza mara nyingi: jengo kubwa lenye maduka chini, ofisi katikati na nyumba za kupanga juu litatufaa? Picha za miradi ya namna hiyo huzunguka kwenye WhatsApp, vioo vinang'aa, ziwa liko nyuma. Mchanganyiko wenyewe naukubali. Hapa mjini, watu wa Nyawera na Kadutu wanaishi hivyo tangu zamani: duka mbele, cherehani barazani, familia na wapangaji nyuma. Ninachotaka kujua ni njia zitakazopita ndani ya mradi zitakuwa za nani.

Liverpool, Uingereza, mji ulio kando ya mto Mersey, uliwahi kukabili swali hilo. Mwaka 2008 ulifunguliwa katikati yake mradi wa Liverpool ONE, kama hekta 17: maduka, nyumba, hoteli, sinema, na bustani juu ya maegesho ya magari. Hawakujenga boma moja lililofungwa. Walirudisha mitaa isiyo na paa, wakawagawia wasanifu wengi majengo mbalimbali, na leo mtu hutoka madukani akateremka kuelekea magati ya zamani. Hilo nalisifu bila kusita. Lakini halmashauri ya jiji ilimpa mwekezaji, Grosvenor, ardhi kwa mkataba wa miaka 250, na walinzi wa mradi ndio wanaozunguka humo. Anayepita huona mtaa wa mji, kumbe mwenye mkataba ana sauti kubwa juu ya nani auze na nani akae pale.

Sisi tuna silaha yetu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Basi umma una nguvu siku mkataba wa ardhi unapoandikwa. Humo ndimo njia za miguu ziwekwe, kwa upana wake, na kwamba ziko wazi mchana na usiku. Sahihi ikishatiwa bila hayo, geti litajengwa, na mama mwenye beseni la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, atalizunguka jengo zima juani.

Tena huyo mama ndiye anayeleta biashara! Majengo haya kwa kawaida hutegemea duka moja kubwa livute watu. Duka hilo hupewa kodi nafuu ya pango, yale madogo hulipa zaidi kwa kila mita ya mraba, na likifungwa upande mzima unapoa. Liverpool ONE ilipoteza duka lake kubwa la Debenhams mwaka 2021; nafasi ile ikachukuliwa na Marks & Spencer mwaka 2023. Bukavu haina haja ya kungoja duka la namna hiyo. Watu wanavutwa tayari na soko la Kadutu, boti za Goma, vituo vya pikipiki. Mwekezaji mwerevu ataweka njia yake pale miguu inapopita sasa, na pembeni ataweka meza za kulipia kwa siku, kwa sababu muuzaji mdogo hawezi kutoa garanti, yaani amana ya kodi ya pango, ya miezi kadhaa kwa dola.

Maji nayo yana njia zake, na hapo ndipo michoro mingi inanitia hofu. Mji wetu umekaa kwenye miteremko ya udongo unaoporomoka. Tetemeko la Februari 2008 lilipasua kuta nyingi. Kila tone linaloanguka juu linatafuta ziwa na mto Ruzizi. Paa na sakafu ya mradi wa hekta moja, mvua ikinyesha milimita 50, hukusanya mita za ujazo 500, yaani lita nusu milioni. Udongo ungekunywa sehemu ya maji hayo, saruji hainywi. Yakimwagwa barabarani, anayeyapokea ni jirani wa chini, ambaye nyumba yake haimo kwenye picha. Kwa hiyo naomba komini, yaani utawala wa sehemu ya mji, idai mambo mawili kabla ya kibali: hifadhi ya kuyashika maji hayo ndani ya kiwanja, na mfereji uliochorwa hadi ziwani, ukiwa na jina la atakayelipia kuuzibua kila msimu wa mvua.