Kabla Hujaagiza Seli za Saratani ya Mirija ya Nyongo

Wanafunzi wanaoanza kutafiti saratani ya mirija ya nyongo hunijia na swali moja: "Niagize seli zipi za kukuza maabara?" Huwa sijibu. Nawauliza kwanza uvimbe wanaotaka kuuelewa umeota wapi. Ule wa vijirija vya ndani ya ini, ule wa pale mirija mikuu miwili inapokutana, na ule wa chini karibu na kongosho, yote tunaiita kwa jina moja, ilhali jeni zinazoiendesha zinatofautiana sana.

Chukua pemigatinib, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Inafanya kazi pale jeni ya FGFR2 ilipoungana na jeni nyingine, jambo linaloonekana kwa wagonjwa kama 10 hadi 15 katika kila 100 wenye uvimbe wa ndani ya ini, na kwa nadra sana kwingineko. Sasa mtu anaimwagia HuCCT1, seli zilizotoka kwenye maji ya tumbo ya mgonjwa huko Japani, kwa kuwa ndizo zilizomo kwenye friza. HuCCT1 ina jeni ya KRAS iliyobadilika, na ishara za FGFR2 hupitia KRAS zikielekea kwenye kiini cha seli. Ni kama kufunga bomba la juu wakati maji yanabubujika kutoka chemchemi iliyo chini yake. Dawa itaonekana haifai, na kosa si la dawa.

Anayefuatilia badiliko la jeni ya IDH1 atazame seli za RBE au SNU-1079, ambazo zilizaliwa na badiliko hilo. RBE ina KRAS iliyobadilika pia, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Asili ya mgonjwa nayo ina uzito: seli za KKU zilitengenezwa Khon Kaen, Thailand, ambako minyoo ya ini, Opisthorchis viverrini, ndiyo chanzo kikubwa cha saratani hii. Uvimbe unaotokana na minyoo huwa na jeni za TP53 na SMAD4 zilizoharibika mara nyingi zaidi, na ule usiotokana na minyoo huonyesha zaidi mabadiliko ya IDH1 na BAP1.

Oganoidi ndizo zilizonifundisha unyenyekevu. Ni vijipira vya seli vinavyokuzwa ndani ya jeli laini kutoka kipande cha uvimbe wa mgonjwa, na huhifadhi sura ya uvimbe ule vizuri kuliko seli zilizolala bapa kwenye sahani. Nilikuza zangu kwa wiki kadhaa, zikastawi kupita kiasi, nikafurahi. Tuliposoma jeni zake hatukukuta hata badiliko moja la uvimbe. Seli zenye afya za mirija, zilizokuwa zimejificha kwenye kipande kilekile, zilipenda chakula chetu kuliko saratani yenyewe, zikaifunika. Tangu hapo oganoidi inayokua haraka mno huitilia shaka, na sifanyi jaribio la dawa kabla ya kulinganisha jeni zake na za uvimbe wa awali.

Hata hivyo oganoidi iko peke yake. Saratani hii imejaa tishu ngumu kama kovu, na fibroblasti, seli zinazotengeneza tishu hiyo, huilisha na kuikinga. Swali likihusu ukuta huo, sahani haitoshi, itabidi uende kwa mnyama.

Hapo napo kuna mitego. Uvimbe wa binadamu ukipandikizwa kwa panya asiye na kinga, fibroblasti za binadamu hubadilishwa taratibu na za panya, na dawa ya kuamsha kinga kama durvalumab haina cha kuamsha. Njia ya kusukuma jeni kwa kasi kupitia mshipa wa mkia hutoa uvimbe upesi, kinga ikiwa nzima, ila jeni hizo huingia kwenye hepatosaiti, yaani seli za ini lenyewe, si kwenye seli za mirija. Uvimbe hufanana na tunaoutafuta, lakini umezaliwa nyumba nyingine. Kwa swali la tiba nalivumilia hilo. Kwa swali la saratani inaanzaje, silikubali. Na anayetaka kugusa kibofu cha nyongo asichague panya wakubwa wa maabara, kwani hawana kabisa. Panya wadogo wanacho.

Seli zikishafika, zipime utambulisho wa DNA na mikoplazma, bakteria wadogo mno wanaochafua seli, kabla ya kugandisha chupa ya kwanza. Niliwahi kuruka hatua hiyo kwa haraka ya kumaliza, nikatupa miezi minne ya kazi kwa sababu ya vijidudu visivyoonekana kwa darubini ya kawaida.