Piano ya dijitali ni ipi, na kinanda ni kipi

Mwezi uliopita mama mmoja alinipigia simu akiwa na furaha tele. Amemnunulia binti yake piano ya dijitali, tena ya kubebeka, na muuzaji amemhakikishia kwamba "ina tachi". Nilipofika kwao kwa somo la kwanza nikakuta kinanda kipya cha vibonye 61, chepesi, chenye midundo kuanzia rumba hadi valsi. Binti alikuwa amekwisha kukaa tayari, mgongo wima, mikono mapajani, akinisubiri. Siku ile sikuwa na moyo wa kusema lolote. Ila hii ni mara ya nne mwaka huu mzazi ananiambia "piano" halafu nakuta kitu kingine, na matangazo ya madukani ndiyo yanayowaponza, maana kila chenye vibonye vyeupe na vyeusi siku hizi kinaitwa piano.

Maana yenyewe haina marefu. Piano ya dijitali inayobebeka ni ala ya umeme yenye vibonye 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, ambavyo kila kimoja kinasukuma nyundo ndogo ndani, au uzito uliotengenezwa kuiga nyundo. Sauti yake imerekodiwa kutoka piano halisi au imeundwa kuifuata, na haina miguu wala kabati lililogongomewa, hivyo mtu mmoja anaweza kuibeba. Katika hayo yote, lenye kuamua ni moja: nyundo.

Ili kuona kwa nini, inabidi turudi Firenze, Italia, karibu na mwaka 1700. Wakati huo ala ya nyumba za wakubwa ilikuwa harpsikodi. Ukibonyeza kibonye, kijiti kinapanda na kuudonoa uzi. Udonoe kwa hasira au kwa upole, sauti ni ileile. Kinanda cha kanisani cha mabomba nacho kilikuwa na hali hiyohiyo: kibonye kilifungua njia ya upepo, na upepo haujui kama kidole kimebembeleza au kimegonga. Bartolomeo Cristofori, fundi aliyekuwa akilipwa na Ferdinando de' Medici, mwana wa mtawala wa Firenze, akaondoa kijiti cha kudonoa na kuweka nyundo. Nyundo inarushwa, inaupiga uzi, halafu inaanguka yenyewe hata kama kidole bado kimebonyeza. Ukiirusha taratibu, sauti inatoka ndogo, na ukiirusha kwa nguvu inatoka kubwa. Orodha ya vyombo vya Medici ya mwaka 1700 inaitaja ala hiyo kuwa ni uvumbuzi mpya unaofanya "il piano e il forte", yaani sauti ndogo na sauti kubwa. Jina likawa refu, watu wakalikata: pianoforte, kisha piano.

Neno piano lenyewe kwa Kiitaliano ni pole, ni taratibu. Mwitaliano husema "piano piano" palepale sisi tunaposema "polepole". Kwa hiyo tunapotamka piano tunataja uwezo wa kidole kuamua upole wa sauti, wala hatutaji umbo la ala au wingi wa vibonye. Piano tatu za Cristofori zipo hadi leo, moja ya mwaka 1720 iko Metropolitan Museum, New York, na hakuna hata moja inayofikia vibonye 88. Mtunzi Mozart aliipiga piano ya fundi Anton Walter wa Vienna yenye vibonye 61 tu, sawasawa kabisa na kinanda cha yule binti kwa idadi. Ya Mozart ilikuwa piano kwa sababu ilikuwa na nyundo. Hapo ndipo hoja ya "ina vibonye 88, basi ni piano" inapoanguka, na hapohapo pia ndipo wanaodharau kinanda kwa uchache wa vibonye wanapokosea.

Sasa tuje kwenye tachi, neno linaloniumiza zaidi.

Chini ya kila kibonye cha ala ya umeme yenye tachi kuna angalau vihisi viwili. Kidole kikishuka kinagusa cha kwanza, kisha cha pili, na mashine inapima muda uliopita kati ya viwili hivyo. Muda ukiwa mfupi, mashine inajua umebonyeza kwa kasi, inatoa sauti kubwa. Ukiwa mrefu, inatoa ndogo. Hiyo ndiyo tachi, na ni kitu kizuri. Lakini tachi inahusu kile mashine inachokisikia kutoka kwako. Haisemi chochote kuhusu kile kidole chako kinachokisikia kutoka kwa mashine. Hilo la pili ndilo uzito, na muuzaji akisema "ina tachi" mnunuzi husikia "ina uzito". Wakati mwingine muuzaji mwenyewe haoni tofauti, na simlaumu sana, maana karatasi za kwenye boksi zimeandikwa kwa namna inayochanganya.

Kinanda chepesi kina springi chini ya vibonye. Springi inaanza laini, na kadiri unavyoshuka inakusukuma zaidi. Nyundo inafanya kinyume: inagoma mwanzoni, kwa kuwa ni mzigo uliotulia, halafu ikishaondoka inakwenda yenyewe na kidole kinahisi imekiacha. Katika piano ya kawaida, kibonye cha katikati kinahitaji takriban gramu 50 kushuka, na vya kushoto vinazidi kidogo kwa sababu nyundo za sauti nene ni kubwa. Mtoto aliyejifunza miaka miwili kwenye springi, siku akikalia piano ya ukumbini, anabonyeza na nusu ya noti hazitoki. Nimeliona hilo mara nyingi, na kila mara mtoto anadhani kosa ni lake. Machozi yale si ya haki. Vidole vyake vimefundishwa kazi nyingine.

Kuna pia kitu cha katikati kinachouzwa kama nusu-uzito: springi ngumu zaidi, pengine na kipande kidogo cha chuma. Alesis Recital ni hivyo. Roland nao wana GO:PIANO88, ambayo ina neno piano kwenye jina, ina vibonye 88 kamili, na ina kilo 7 tu. Nyundo hamna. Hata mtengenezaji mkubwa, basi, jina lake halikutoshi. Njia ninayowapa wazazi ni ya kienyeji lakini haijanitupa: iinue. Piano ya dijitali ya kubebeka yenye nyundo kwa kawaida inazidi kilo 10. Casio CDP-S110 ina kilo 10.5, Yamaha P-145 kilo 11.1, Roland FP-10 kilo 12.3. Ukiibeba kwa mkono mmoja kama mkoba wa shule, iulize maswali zaidi. Kisha bonyeza kibonye cha kushoto kabisa na cha kulia kabisa, kimoja baada ya kingine. Cha kushoto kikiwa kizito kidogo kuliko cha kulia, mtengenezaji amejali.

Mengine nayataja kwa haraka. Muuzaji atakutajia idadi ya noti zinazoweza kulia kwa pamoja, 64 au 256. Kwa mwanafunzi wa nyumbani 64 zinamfikisha mbali. Atakuonyesha pia mamia ya sauti za filimbi na tarumbeta, na hizo usizilipie. Hedifoni ni baraka kwa majirani. Pedali inayokuja ndani ya boksi mara nyingi ni kibao chepesi kinachokimbia sakafuni, tafuta yenye umbo la pedali halisi. Kama utapiga mbele za watu, angalia nyuma kama kuna matundu ya kupeleka sauti kwenye miksa: FP-10 ina tundu la hedifoni tu, FP-30X ina matundu yake ya kutolea sauti. Umeme ukiwa wa mashaka, Casio PX-S1100 inakubali betri sita ndogo. Sisi wa pwani tuna sababu moja zaidi ya kuipenda dijitali: unyevu na chumvi ya hewa huvuruga nyuzi na mbao za piano ya kawaida, na fundi wa kuitengeneza sauti si wa kumpata kila mtaa.

Nirudi kwenye kinanda, kwa sababu nisingependa mtu aondoke hapa akiona aibu kulitamka. Kamusi za zamani zinakieleza kinanda kwanza kama ala ya nyuzi, jamaa ya gita na udi. Zaburi ya 150 katika Biblia ya Kiswahili inakiweka sambamba na kinubi. Baadaye neno likapanuka: kodiani, kinanda cha kanisani kinachokanyagwa kwa miguu, hata gramafoni ya babu zetu iliitwa kinanda. Ni neno lenye nyumba kubwa, na piano, kwa kuwa ni nyuzi zinazopigwa, ina chumba chake humo bila ubishi. Mtu akiiita piano kinanda hajakosea. Kosa ni kurudi nyuma: kukiita kila kinanda piano.

Na kinanda cha vibonye vyepesi kina ukoo wake wenye heshima. Ni mjukuu wa kile cha mabomba. Ndiyo maana kinafaa kanisani: mpigaji anahitaji kuruka haraka kutoka sauti hadi sauti, kushikilia noti ndefu chini ya kwaya, kuwasha mdundo, kuhamisha wimbo kwa kubonyeza kitufe pale mwimbishaji anapoanzia juu mno. Kwa kazi hiyo uzito wa nyundo ungemchosha bure. Nimewasikia wapiga kinanda ambao mimi, na miaka yangu yote ya piano, siwezi kuwafuata dakika mbili.

Wiki iliyofuata nilimwambia yule mama haya, kwa kirefu kidogo kuliko nilivyoyaandika. Aliniuliza kama amepoteza hela. Hapana mama, umenunua kinanda kizuri, na jirani akikuuliza mwambie hivyo, umemnunulia mtoto kinanda. Jumapili akipigie kwaya ya watoto, kitamfaa. Piano tutaitafuta taratibu, hata iliyotumika. Kwa sasa binti anakuja Jumamosi kwenye piano ya ukumbi ninakofundishia, na tunaanza na kibonye cha kushoto kabisa: anakishusha polepole kiasi kwamba nyundo haifiki kwenye uzi na sauti haitoki. Kisha anaongeza kidogo, hadi itoke kwa mara ya kwanza.