Kabla na baada ya upasuaji: maswali ya ndugu wa wagonjwa wodini, Dodoma

Mgonjwa wetu amesafiri kutoka Kondoa, ana njaa. Mbona mnamnyima hata uji?

Dawa ya usingizi hulegeza koo. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na hilo linaua. Kwa kawaida mtu mzima huacha chakula muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, na maji muda wa saa 2. Akiwa anaingia thieta saa 3 asubuhi, chakula cha mwisho ni kabla ya saa 9 usiku na maji kabla ya saa 1 asubuhi. Nyama na chipsi hukaa tumboni zaidi, vinahitaji saa 8. Uji ni chakula, togwa ni chakula, na chai ya maziwa pia. Mkipewa maelekezo tofauti na haya wodini, fuateni hayo.

Akila kwa bahati mbaya, semeni. Upasuaji utasogezwa, au mtaalamu wa usingizi atabadili mpango. Nawaomba sana, msimpe mgonjwa kikombe cha uji kwa siri kwa huruma.

Kwa nini avue shanga na kufuta rangi ya kucha?

Shanga za kiunoni hukaa karibu na panapopasuliwa. Rangi ya kucha na piko huweza kukivuruga kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni. Piko isiyofutika, tuambieni mapema, tutatafuta sehemu nyingine ya kupimia. Meno ya bandia, pete na hereni zibaki kwa ndugu.

Ametoka thieta anatetemeka. Ni malaria?

Mara nyingi ni baridi na dawa za usingizi au ganzi. Mfunikeni blanketi. Usiku wa Julai hapa Dodoma baridi ni kali, lakini msimwekee chupa ya maji ya moto: aliyechomwa ganzi ya mgongo hahisi miguu, ataungua bila kujua. Tukija kila baada ya dakika 15 kupima presha, mapigo ya moyo na kuangalia bandeji, msidhani hali imekuwa mbaya. Saa za mwanzo ndizo damu huweza kuvuja ndani kimyakimya.

Mshono bado mbichi, mnamsimamisha kwa nini?

Kulala muda mrefu hugandisha damu miguuni na kuleta nimonia. Muuguzi akiruhusu, mgonjwa aliyepasuliwa tumbo ageuke ubavu, ateremshe miguu, ajiinue kwa kusukuma kitanda na kiwiko. Akae kwanza. Kizunguzungu kikiisha, asimame huku ameshikwa. Akitaka kukohoa, akumbatie mto au khanga iliyokunjwa juu ya mshono; maumivu hupungua, na makohozi yatoke, asiyazuie. Asipoweza kutembea kwa maumivu, tuiteni tumpe dawa. Kuvumilia tu hakumsaidii.

Amejifungua kwa upasuaji. Mama mkwe akamkande kwa maji ya moto?

Hapana, tumbo lisikandwe. Najua mama mkwe anafanya kwa upendo, na mimi humweka kando nikamweleza kwa heshima: maji ya moto huunguza ngozi ambayo bado ina ganzi kuzunguka kidonda, na kukandamiza huuvuta mshono. Kazi yake ipo, na ni kubwa: kumpikia, kumwekea mtoto kwenye titi, kumbebea ndoo. Kuoga anaoga akisharuhusiwa, kisha akaushe mshono kwa kitambaa safi bila kusugua. Majivu, dawa ya meno na unga wa vidonge vya rangi mbili visiguse kidonda.

Turudi lini?

Msingoje tarehe ya kliniki mkiona homa, usaha, harufu, mshono kuachia, au damu nyingi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akibanwa pumzi ghafla, ni dharura ya saa hiyohiyo. Maambukizi ya kidonda huweza kujitokeza hata wiki ya tatu au ya nne. Walioko Bahi, Kongwa au Chamwino waanzie kituo cha karibu, wakiwa na karatasi ya ruhusa mkononi. Na tafadhali, atafutiwe gari. Bodaboda kwenye makorongo itamuumiza.