Kuishi kwa Uhalisi: Maana Yake ni Nini?

Neno "halisi" tunalitumia kila siku bila kulitafakari. Anayenunua samli katika soko la Lamu huuliza kama ni samli halisi, na muuzaji huapa kwamba haikutiwa kitu. Sonara huulizwa hivyo hivyo kuhusu dhahabu, na muuza kofia huulizwa kama kofia yake ni ya mkono au ni ya cherehani. Asili ya neno hili ni Kiarabu, na maana yake ni kitu safi kisichochanganywa na kingine. Mzizi huo huo ndio uliotupa neno "ikhlasi", yaani usafi wa nia. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba anataka kuishi kwa uhalisi, sikio la Mswahili husikia kwanza habari ya mchanganyiko: ni kitu gani kimetiwa katika maisha yangu ambacho si changu?

Katika lugha za Ulaya, neno linalobeba dhana hii limetoka katika Kigiriki, na huko lilihusiana na mtu atendaye jambo kwa mkono wake mwenyewe. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa neno letu linatazama usafi na la kwao linatazama nani mwenye tendo. Mimi naona kwamba jambo la pili ndilo linalotusaidia zaidi, kwa sababu hakuna binadamu asiyechanganyika. Lugha tunayoisema, dini tunayoifuata, chakula tunachokipenda, hata namna ya kucheka, vyote tumevipokea kutoka kwa wengine, na anayetaka kuviondoa ili abaki na "nafsi yake tupu" hatabakiwa na chochote. Uhalisi wa nafsi, basi, ni hali ya mtu kuishi maisha ambayo anaweza kuyajibia kuwa ni yake, kwa kuwa ameyapima na kuyaridhia, ingawa sehemu kubwa ya maisha hayo ameirithi. (Wanafunzi wa fasihi wasiuchanganye uhalisi huu na uhalisia, ambao ni mtindo wa kusawiri maisha kama yalivyo katika riwaya na tamthilia.)

Kinyume cha dhana hii tunakiita kufuata mkumbo. Wahenga wetu hawakukubaliana juu ya jambo hili, na hilo lenyewe linafundisha. Mmoja alisema kwamba ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho, na mwingine akaonya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali ya kwanza ni ya msafiri, ambaye hana budi kuishi na wenyeji wake kwa amani kwa siku chache. Ya pili ni ya mtu aliye nyumbani kwake, mwenye mkeka mkuukuu anaousalia kila siku, ambaye ameona msala mzuri wa mpita njia akautamani. Tatizo huanza pale mtu anapoishi nyumbani kwake kwa kanuni ya msafiri, akafumba jicho maisha yake yote.

Kwa nini tunalifumba? Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Solomon Asch, alitangaza matokeo ya jaribio lililomfanya ajulikane duniani. Vijana wa chuo walikalishwa pamoja chumbani, wakaonyeshwa kadi yenye mstari mmoja na kadi nyingine yenye mistari mitatu, kisha kila mmoja akatakiwa aseme kwa sauti ni upi kati ya ile mitatu unaolingana na ule mmoja. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Kumbe wote waliokuwa chumbani walikuwa wamepangwa isipokuwa mmoja, naye hakujua, na zamu yake ya kujibu ilikuja mwishoni au karibu na mwisho. Katika raundi 12 kati ya 18, wale waliopangwa walitaja kwa pamoja jibu lisilo sahihi, tena kwa utulivu kabisa. Karibu theluthi moja ya majibu ya wasiojua katika raundi hizo ilifuata kosa la wengi, na watu watatu kati ya kila wanne walilifuata angalau mara moja.

Takwimu hizo hutajwa mara nyingi, lakini mimi huvutiwa zaidi na mambo mawili yanayotajwa kwa nadra. La kwanza ni kwamba baadhi ya waliofuata walikiri baadaye kwamba waliuona mstari sawasawa, ila hawakutaka kuonekana wa ajabu mbele ya wenzao, na wengine walianza kuyashuku macho yao wenyewe. Hizi ni njia mbili tofauti za kushindwa: mmoja ameficha anachokijua, na mwingine amekipoteza. La pili ni kwamba Asch alipompangia mtu yule mwenzake mmoja tu wa kutaja jibu sahihi, nguvu ya kundi iliporomoka, na makosa yakapungua hadi karibu robo ya yale ya awali. Hakuhitaji kundi jingine la kushindana na lile la kwanza; mwenzake mmoja tu alitosha.

Maisha si mistari kwenye kadi, wala Lamu si chumba cha majaribio. Hapa kwetu shinikizo hupita katika sentensi moja ambayo kila aliyekulia katika mji huu ameisikia: "Watu watasema nini?" Mwaka 1927 mwanafalsafa wa Ujerumani, Martin Heidegger, alieleza kwamba mara nyingi binadamu haishi yeye mwenyewe, bali anaishi kama "watu" wanavyoishi, anafurahi kama "watu" wanavyofurahi, na anachukizwa na yale ambayo "watu" huchukizwa nayo. Waandishi wa lugha nyingine huhangaika sana kulifasiri neno alilolitumia. Sisi hatuna haja ya kuhangaika, kwa sababu "watu" wa Heidegger ni wale wale wa sentensi yetu: hawana majina, hawana anwani, na hakuna aliyewahi kuketi nao barazani.

Nilipata kumsikia msichana wa mtaani kwetu akilichungua neno hilo mbele ya mama yake. Harusi ilikuwa inakaribia, na mama alikuwa ameazimia kukopa ili usiku wa kutolewa bibi harusi usiwe chini ya ule wa binti wa jirani. Msichana aliomba iwe shughuli ndogo, wasome maulidi, watu wale, waende zao.

"Mwanangu, watu watasema nini?"

"Watu gani, mama?"

Mama alifikiri kidogo, akataja watatu. Wa kwanza alikuwa shangazi mtu aliyekwishahamia Mombasa, ambaye hakuwa na uhakika wa kuja. Wa pili alikuwa jirani yule yule, ambaye mtaa mzima ulijua kwamba bado analipa deni la harusi ya bintiye. Wa tatu alikuwa marehemu. Mama mwenyewe alicheka, ingawa mkopo aliuchukua, na sioni sababu ya kumbeza. Kulijua jambo ni kitu kimoja na kuthubutu kulitenda ni kingine.

Mwanafalsafa wa Ufaransa, Jean-Paul Sartre, aliiendeleza hoja hii mwaka 1943 kwa mfano wa mhudumu wa mkahawa ambaye mwendo wake ni wa haraka mno na kuinama kwake kumezidi kiasi, kana kwamba anaigiza kuwa mhudumu ili asahau kwamba anaweza kuwa kitu kingine. Sartre aliiita hali hiyo imani mbaya, akimaanisha uongo ambao mtu anajiambia mwenyewe. Mfano wake ni mzuri lakini unamwonea mhudumu kidogo, kwani mtu anayetafuta riziki huenda anaigiza akijua, na akifika nyumbani huvua uigizaji pamoja na koti.

Hapo ndipo dhana hii inapoeleweka vibaya mara nyingi, hasa na vijana. Wapo wanaodhani kwamba kuishi kwa uhalisi ni kusema kila linalokuja kinywani na kuonyesha kila kilichomo moyoni, na kwamba adabu ni jina la heshima la unafiki. Anayeamini hivyo aitazame nyumba ya kale ya mawe hapa Lamu. Ukuta wake wa nje ni mtupu, na ukiacha mlango wenye nakshi hautakueleza mengi juu ya utajiri wala umaskini wa mwenyewe. Mgeni wa kawaida hupokewa kwenye daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, akaketi kwenye baraza za mawe, akanywa kahawa, akaondoka. Zidaka (vishubaka vya ukutani) zilizopangwa safu juu ya safu na kuzungushiwa nakshi za chokaa zimo ndani kabisa, mahali ambapo mpita njia hafiki. Hakuna anayesema kwamba ukuta ule unadanganya. Unasitiri, na sitara si uongo. Uongo ungekuwa kuchora zidaka kwenye ukuta wa nje wakati ndani hamna kitu.

Kwa hiyo wazee wetu waliokuwa wakitaka kumtia mtu dosari katika jambo hili hawakumuuliza kama anaficha; waliuliza kama ana ria. Ria ni kutenda jema ili uonekane unatenda, na kinyume chake ni ile ikhlasi tuliyoanza nayo. Mtu mwenye ria anaweza kuwa mfuata mkumbo, na anaweza pia kuwa mpinzani wa kila kitu, kwa sababu yuko anayevunja mila ili tu atazamwe akivunja. Wote wawili wanawaishia watazamaji.

Mfano wa kutafakari zaidi kwa mtu wa Lamu ni Habib Saleh. Sharifu huyu alikuja kutoka Visiwa vya Komoro katika karne ya 19, wakati mji ulikuwa umegawanyika waziwazi kati ya waungwana wa majumba ya mawe na watu wa mtaa wa Langoni, wakiwamo watumwa na wageni, na elimu ya dini ya juu haikudhaniwa kuwa haki ya kila mmoja. Kwa nasaba yake angeweza kukaa na wakubwa na kuheshimiwa bila taabu. Alikwenda Langoni, akawafundisha waliodharauliwa, na katika kusoma maulidi akaruhusu matari, jambo lililowachukiza baadhi ya wakubwa wa mji. Msikiti wa Riyadha ulitokana na kazi hiyo.

Habib Saleh hakusema kwamba anajitafuta mwenyewe, na pengine maneno hayo angeyashangaa. Alisema kwamba anafuata dini. Hata hivyo maisha yake yanatimiza maana ya dhana kuliko ya wengi wanaoitangaza, kwa kuwa alichukua kitu alichorithi kwa wazee wake, akakipima, akakifuata hadi mahali ambapo wenzake wa daraja moja hawakutaka kufika. Na ajabu ya historia ni kwamba leo, kila Mfunguo Sita, maelfu ya watu hujaa Riyadha kwa maulidi yale yale na matari yale yale, na kijana wa Lamu asiyetaka kwenda ndiye anayeulizwa kulikoni. Jambo lililopingwa limekuwa desturi, na sasa lina mkumbo wake.

Upo pia mkumbo mpya ambao wazee hawakuujua, nao umevaa nguo za uhalisi wenyewe. Tangu UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, sifa ya mji kuwa "wa asili" imekuwa bidhaa. Baharia kijana anayewatembeza wageni kwa jahazi huvaa kikoi na kofia anapofika gatini, na jioni huvaa suruali anayoipenda na jezi ya timu yake. Mgeni angeambiwa achague, angesema kwamba yule wa asubuhi ndiye Mswahili halisi. Lakini uhalisi wa mji na uhalisi wa mtu havipimwi kwa kipimo kimoja. Mji huwa halisi kwa kuhifadhi mawe yake, chokaa yake na vichochoro vyake. Mtu akitakiwa ahifadhiwe vivyo hivyo, amegeuzwa kuwa kitu cha makumbusho. Kijana huyo hakosei kuvaa kikoi, wala hakosei kuvaa jezi. Atakosea siku atakapoacha kujua ni kipi anachokivaa kwa ajili ya nani.

Wapo wanaopendekeza kipimo rahisi: jiulize kama ungefanya jambo hilo lau hakuna anayekuona. Kipimo hicho kinafaa kwa sala, kwa sadaka, na kwa ukubwa wa harusi. Hakifai kwa kila kitu, kwa sababu yako mambo ambayo kuonekana ndiko maana yake. Mtu akifiwa, jirani zake huenda kuzika, na mfiwa anahitaji kuwaona. Katika vichochoro vya Lamu jeneza hubebwa mabegani na watu hupokezana haraka, hatua chache kila mmoja, mwingine akitia bega, aliyechoka akitoka pembeni. Miongoni mwao yumo aliyekuja kwa kumpenda marehemu, yumo aliyekuja kwa kuogopa kuulizwa alikuwa wapi, na yumo aliyegombana na marehemu miaka mingi kisha akaona mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, kwamba inampasa aje. Uzito uliomo begani ni mmoja kwa wote watatu, na anayetembea nyuma yao hawezi kuwatofautisha.